Namba Iliyopenda Salamu

Butiama
12 Februari 2001

Mwanangu Boke,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha mume wako Leonardi, kisha watoto, kuanzia mkubwa. Waambie kwamba bibi yao wa Butiama amewataja kwa majina yao yote.

Mimi sijambo. Mbuzi wangu hawajambo, wote sita. Mtama wa upande wa kilimani umekauka kabla ya kukomaa, lakini mihogo ipo. Jirani yangu mzee Mseti macho yake yamezidi kuwa mabaya. Juzi, dukani kwa Twalib, alilisalimu gunia la mkaa kwa heshima zote, akasimama akingoja lijibu. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa kumi na moja walikuja kwenye zahanati yetu watu wa shirika liitwalo Jicho Jema. Walitupima sisi wazee macho, wakaandika majina ya wagonjwa, wakasema kwamba kila mwezi daktari kutoka Mwanza atafanya upasuaji pale Bunda, bure. Tulishukuru. Kisha wakatuachia namba ya simu. Wakasema tusiende ofisini kwao Musoma, tupige namba hiyo, tutaambiwa kila mtu siku yake. Asiyejua siku yake akakosa kufika, jina lake linapelekwa mwisho, na mwisho huo ni mwakani.

Twalib ana kibanda cha simu hapa sokoni, na kibandani kuna mita inayoonyesha gharama. Ukipiga namba ile, mita inakimbia kama mtu aliyekanyaga siafu. Watu wanasema Twalib ameichezea. Wiki iliyopita vijana walitaka kuvunja dirisha la kibanda chake. Nilikuwapo, niliwafukuza.

Nilikwenda na Mseti kupiga. Alipokea binti mmoja. Alitusalimu. Akauliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za wajukuu. Mseti alijibu kama mzee anavyopaswa kujibu, kila swali kwa ukamilifu wake. Nami nilipopewa simu nilijibu, hata habari za mbuzi nilitoa. Baada ya hayo yote binti akasema siku bado haijapangwa, tupige tena wiki ijayo. Mseti alilipa fedha ya chumvi na sabuni ya mwezi mzima.

Simlaumu binti huyo. Ana adabu kuliko wengi wa umri wake. Lakini kuna jambo ambalo si sawa. Wewe uko mjini na unafanya kazi ya ofisi, ingawa hujaniambia ni ofisi gani. Nenda kwa watu hao ukaulize kwa nini namba yao inakula hivyo.

Uniwie radhi kwa mistari kupinda. Taa yangu imeanza kutoa moshi.

Shangazi yako,
Wegesa


Mwisenge, Musoma
5 Machi 2001

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Watoto nao wanakuamkia. Leonardi anasema shikamoo mara mbili, kwa sababu ya mihogo uliyotuletea Krismasi. Tangu kiwanda chao kifungwe na wafanyakazi kupunguzwa, anatengeneza baiskeli pale kwenye kona ya shule, na siku nyingine anapata chochote. Mdogo alikuwa na homa, amepona. Dagaa wamepanda bei kwa sababu ya upepo, lakini tunakula.

Kuhusu lile jambo lako, niliuliza. Wanasema namba ile ni ya kisasa na vitu vya kisasa vina gharama zake. Sikupata zaidi ya hapo.

Nakuomba kitu kimoja, Shangazi. Ukipiga tena, usijibu salamu zote. Taja jina, taja kijiji, uliza siku, kisha weka simu chini. Na mzee Mseti mwambie hivyo hivyo. Hakuna atakayekasirika.

Kisha kuna jambo jingine. Katika barua yako mistari mitatu imepandana, na mwishoni umeandika nje ya karatasi, maana neno limekatika. Taa yako ninaijua. Nimeifuta kioo miaka yote niliyoishi kwako. Wewe ndiye uliyekuwa unatupiga rula ya vidole tukipindisha mstari. Niambie kweli, ni taa au ni macho?

Nimeandika kwa herufi kubwa kidogo.

Mwanao,
Boke


Butiama
24 Machi 2001

Mwanangu Boke,

Marahaba, na marahaba ya watoto pia. Nimefurahi kwamba mdogo amepona. Mwambie Leonardi kwamba mihogo haihitaji shikamoo mbili, moja inatosha, ila aje mwenyewe kuichimba.

Mvua imeanza. Mbuzi hawajambo. Mmoja amekuwa mpole sana siku hizi, anakuja mwenyewe mpaka mlangoni, na mimi humpa maganda.

Umeniuliza kuhusu macho. Macho ya Mseti ni mabaya sana.

Herufi zako zimekuwa kubwa kama za darasa la kwanza. Nimezipokea.

Umenishauri nikatishe salamu. Katika nyumba yangu hukufundishwa hivyo. Mtu akikuuliza habari za watu wako, huwezi kumtupia jina na kijiji kama unayenunua tiketi. Mseti nilimwambia ushauri wako. Alisema, "Mimi nilikuwaga mtu wa kukatisha wenzangu lini? Binti ananiuliza ng'ombe wangu kwa majina, mimi nimkatie simu?" Siku ya pili akamfunga kuku miguu, akampa kondakta wa basi ampeleke Musoma, kwenye ofisi ya Jicho Jema, kwa binti anayeulizaga habari za ng'ombe. Anasema hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumuuliza habari hizo tangu uhuru.

Mimi nami sikukaa. Jumamosi iliyopita, siku ya soko, nilimwambia Twalib atoe mita yake dirishani watu waione. Akampigia kwanza ndugu yake Omari aliyeko Bunda, kwa namba ya kawaida, nami nikasema Baba Yetu yote kwenye simu, kwa mwendo wa kanisani, ndipo akakata. Twalib akasoma mita kwa sauti. Kisha akapiga namba ya Jicho Jema, nikasema Baba Yetu ile ile, kwa mwendo ule ule. Mita ilikuwa imepanda mara tano. Watu wakaona kwa macho yao, na waliotaka kuvunja dirisha wakamwomba Twalib radhi. Twalib, ambaye ni Mwislamu, anasema sasa anaijua Baba Yetu kwa moyo na hajui aifanyie nini.

Nilipofika mwisho wa sala hiyo ya pili, binti wa upande wa pili aliitikia "Amina." Sauti yake haikuwa kama siku zote.

Baadaye Twalib alikwenda ofisi ya simu huko Musoma kuulizia. Akaambiwa kwamba namba ya aina hiyo ina mgawo. Katika kila dakika, kampuni ya simu inachukua fungu lake, na mwenye namba anapelekewa fungu lake. Kwa hiyo, Boke, kadiri mzee anavyojibu salamu kwa ukamilifu, ndivyo Jicho Jema linavyopata. Upasuaji ni bure, bali kuijua siku ya upasuaji si bure.

Nimeanza kuwaambia watu kanisani na sokoni wasipige. Lakini wananiuliza swali moja. Wasipopiga, watajuaje siku?

Nilikutuma ukaulize. Hukunijibu kama mtu aliyetumwa. Ulinijibu kama mtu aliyeko ndani.

Shangazi yako,
Wegesa


Mwisenge, Musoma
9 Aprili 2001

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo sote. Leo sina habari nyingi za nyumbani.

Kuku wa mzee Mseti alifika. Nilipoitwa getini nikakabidhiwa, wenzangu walicheka, nikaenda naye nyumbani chini ya kitenge. Leonardi alitaka tumchinje. Nilikataa. Ametaga mara tatu.

Ndiyo, Shangazi. Ni mimi.

Nilipata kazi hii mwezi wa nane, baada ya Leonardi kupunguzwa. Tuko wawili tunaopokea simu. Meneja wetu, Bwana Clementi, ametoka Dar es Salaam, na siku ya kwanza alitufundisha. Alisema, "Wazee wa mkoa huu wanapenda salamu. Anzeni na mvua, mwende kwenye ng'ombe, mmalizie kwa wajukuu. Tarehe iwe ya mwisho." Mezani kuna saa. Simu ikiwa fupi, tunaulizwa kwa nini. Zikiwa ndefu mwisho wa mwezi tunaongezewa kitu. Sikukuambia ni ofisi gani kwa sababu nilijua utaniuliza ni kazi gani, na mimi nilikuwa sijui niiite nini.

Siku ulipopiga na mzee Mseti nilikutambua kwa neno la kwanza. Nikakuuliza habari za mbuzi kana kwamba siwajui. Ulinijibu mmoja mmoja. Saa ilikuwa mbele yangu. Na siku ya Baba Yetu nilidhani kuna mtu amefariki hapo Butiama na wewe umechanganyikiwa, ndiyo maana niliitikia.

Na wewe, Shangazi, umenificha. Daftari la wagonjwa liko mezani kwangu kila siku. Jina lako limo. Macho yote mawili.

Sasa nisikilize. Turuhusiwe au tusiruhusiwe kutaja siku kwa barua, mimi nakutajia. Siku yako ni Jumatano, tarehe 25 Aprili, Bunda, saa mbili asubuhi. Ya mzee Mseti sijaiona bado, hupangwa na Bwana Clementi mwenyewe. Nenda, Shangazi. Usipige simu, usimwambie mtu, nenda tu. Ukikosa siku hiyo unarudi mwisho kabisa, na daktari mwenyewe amesema macho yakikawia sana yanaharibika hata kisu hakisaidii.

Daktari ni mtu mwema. Anaitwa Abdulkadiri, mzee, anatoka Mwanza na hachukui hata nauli. Kila mwezi anapita ofisini kwetu Jumanne asubuhi, anachukua majina, anaelekea Bunda. Habari za namba hajui. Anapewa majina tu.

Nimelia kidogo, lakini karatasi haikulowa.

Boke


Butiama
28 Aprili 2001

Mwanangu Boke,

Marahaba. Mvua ni nzuri. Mbuzi hawajambo.

Siku uliyonitajia ilikuwa Jumatano iliyopita. Sikwenda.

Sauti yako niliitambua hata mimi, siku ile ile ya kwanza. Sikuzaa, lakini wewe nilikupokea ukiwa hujui kusema "maji", nikakufundisha kusema. Ningeshindwaje kukutambua kwa sababu ya waya? Nilinyamaza nikingoja uniambie mwenyewe. Umeniambia. Basi hilo limekwisha, wala hatutalirudia. Mtu mwenye watoto watatu na mume asiye na kazi hachagui kiti cha kukalia.

Kuhusu macho yangu, ni kweli. Jicho la kulia halioni ila mwanga. La kushoto linaona nikiwa nje, jua likiwa kali, na karatasi ikiwa karibu na pua. Sikukuambia kwa sababu ungekuja kunichukua, na mimi sitaki kuchukuliwa.

Unataka kujua kwa nini sikwenda Bunda. Jumanne usiku nilikuwa nimekwisha kufunga kanga yangu. Asubuhi Mseti alipita akielekea kwa Twalib kupiga namba yenu, akiwa amebeba debe la mtama wa kuuza ili apate fedha ya kupigia. Nilimsikia akigonga ukuta wa zizi, akauomba radhi. Mimi niwe nimejua siku yangu bure kwa kuwa nina mtoto ndani ya ofisi, naye auze chakula chake? Nikafungua kanga. Siku yangu nitaijua siku Mseti atakapoijua yake, na watu wa vijiji vya Kiriba na Suguti watakapoijua yao.

Usilie tena. Badala yake fanya hili, nalo ni dogo. Usifanye lolote.

Umesema daktari hupita ofisini Jumanne. Mwezi ujao itakuwa tarehe 22. Mmetukataza kuja kuuliza siku. Hamjatukataza kuja kusalimu. Bwana Clementi anazipenda salamu zetu, basi tutamletea. Omari, yule ndugu wa Twalib, ametoa lori lake la kubebea mpunga, litaanzia Bunda, lipite hapa. Watu wa Kiriba na Suguti wamepelekewa habari makanisani na gulioni. Hakuna atakayetukana. Hakuna atakayebeba bango. Kila mmoja atamsalimu Bwana Clementi kwa ukamilifu, mvua, ng'ombe na wajukuu, kisha atampisha mwenzake. Na wenye vibanda vya simu wote, kuanzia Twalib, siku hiyo hawatapiga namba ile.

Nitakapoingia, usiinuke. Usinitambue. Kazi yako ni chakula cha watoto.

Shangazi yako,
Wegesa


Mwisenge, Musoma
24 Mei 2001

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua umefika salama, kondakta ameniambia. Watoto wanauliza kwa nini bibi alikuja mjini asilale kwetu. Nimewaambia bibi alikuja kazini.

Wewe juzi ulisikia tu. Acha nikusimulie ulichokosa kuona, maana Leonardi amenisimulisha mara nne na bado anataka.

Saa mbili unusu mlinzi alikuja akikimbia. "Meneja, kuna lori la wazee." Bwana Clementi akasema, "Waambie wapige simu." Mlinzi akasema, "Nimewaambia. Wanasema wamekuja kusalimu tu."

Nilichungulia dirishani. Foleni ilitoka mlangoni kwetu ikapita duka la vitambaa ikafika kwenye mnazi wa posta. Wengine wameshikana mabega. Hakuna aliyepiga kelele. Wewe ulikuwa wa kwanza, na mzee Mseti amekushika mkono, na sikuweza kujua nani anamwongoza mwenzake.

Hukumwona Bwana Clementi alivyokuwa. Alitoka akiwa na tai na tabasamu, amejiandaa kwa ugomvi. Ulipomwambia "Hujambo, Bwana Meneja, habari za nyumbani?" akakosa pa kuweka mikono.

"Nzuri, Bibi. Mna shida gani?"

"Hatuna shida. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Sasa—"

"Na mvua huko kwenu?"

Mpaka hapo alikuwa bado anatabasamu. Ni mzee Mseti aliyemmaliza. Alimshika mkono, hakuuachia.

"Ng'ombe wako hawajambo?"

"Sina ng'ombe, Mzee."

"Pole sana. Walikufa, au waliibwa?"

"Sijawahi kuwa na ng'ombe."

"Aa. Sasa mke wako wakwe walikupaje? Kwa mkopo?"

Foleni nzima ilicheka, hata mlinzi, akageukia ukutani. Mzee Mseti hakucheka. Akasema, "Usijali, mwanangu. Hata mimi nilikuwaga sina. Anzaga na mbuzi." Akampisha mama wa Suguti, na mama wa Suguti akaanza na mvua.

Aliposalimiwa na watu kama ishirini hivi, jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye tai. Hakuweza kuwafukuza, maana hakuna mtu aliyesema neno baya. Kila alipojaribu kurudi ndani, mtu alimuuliza, "Umeniachia salamu njiani, Meneja?" Naye anarudi. Na mezani kwangu simu ilikuwa kimya. Tangu nianze kazi hapa sijasikia kimya kama kile. Saa tu ndiyo ilikuwa inatembea.

Hapo gari la Daktari Abdulkadiri likaingia.

Wewe ulisikia maneno yake, lakini hukumwona. Ni mfupi, mweupe wa nywele, anachechemea. Foleni ilipomgeukia ikaanza kumsalimu, hakushangaa. Alivua kofia akajibu. Alikwenda na mstari wote, mtu kwa mtu, na alipokuwa anajibu alikuwa anayaangalia macho yao. Alipofika kwako alikaa zaidi.

"Mama, siku yako ilikuwa lini?"

"Tarehe ishirini na tano mwezi wa nne."

"Mbona hukuja? Jicho hili halikai likingoja."

"Kwa sababu mwenzangu huyu hakuambiwa yake."

"Na nani anawaambia siku?"

Bwana Clementi akadakia, "Tuna namba, Daktari. Utaratibu wa kisasa." Daktari akauliza, "Namba gani hiyo?" Uliniambia nisiinuke, Shangazi. Nilikaa. Nilikaa mpaka nikamwona mzee Mseti anaelekeza uso wake kwenye kabati la mafaili, analiambia kabati, "Binti wa ng'ombe yuko wapi? Kuku alifika?"

Nikainuka. Wewe ulisikia niliposema, "Shikamoo Shangazi. Shikamoo Mzee. Kuku alifika, anataga." Baada ya hapo nilimweleza Daktari yote, namba, mgawo, saa ya mezani, mvua kwanza tarehe mwisho.

Ambacho hukukiona ni uso wa Daktari. Haukukasirika. Ulichoka. Akamwambia Bwana Clementi polepole, "Mimi kazi hii naifanya bila malipo. Kama kuna anayelipwa kwa macho haya, basi kisu ashike yeye." Akavaa kofia yake. Bwana Clementi akamfuata mpaka kwenye gari, akasimama dirishani muda mrefu. Aliporudi alitukuta sote tulipokuwa, na foleni ilipokuwa, na mama mmoja wa Kiriba akamwambia, "Mimi bado hujanijibu za wajukuu."

Jana imebandikwa karatasi mlangoni. Namba ile itakatwa mwisho wa mwezi. Ipo namba ya kawaida. Majina na siku vitabandikwa kwenye zahanati, makanisani na misikitini, na anayetaka kuja ofisini aje. Bwana Clementi alinipa karatasi niiandike mwenyewe, hakuniangalia. Sikufukuzwa. Daktari alisema anataka yule anayejua wagonjwa kwa majina abaki. Zile nyongeza za mwisho wa mwezi zimekwisha, na Leonardi amesema sawa, atafungua kona ya pili ya baiskeli. Usiku wa kuamkia leo nimelala mpaka watoto wakaniamsha.

Siku yako ni Jumatano, tarehe 13 Juni, Bunda. Ya mzee Mseti ni hiyo hiyo, kitanda cha pili. Hii si siri. Imebandikwa kwenye mlango wa kanisa lenu, mwombe mtu akusomee.

Boke


Butiama
30 Juni 2001

Mwanangu Boke,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Leonardi na kona zake mbili, kisha watoto, kuanzia mkubwa.

Barua hii naiandika ndani ya nyumba, mchana, dirisha likiwa nusu wazi. Tazama mistari.

Tulikwenda Bunda, tukarudi. Daktari alianza na jicho la kulia, la kushoto atalifanya mwezi wa tisa. Haikuuma kama nilivyotarajia. Asubuhi ya pili walitufungua bandeji, mimi na Mseti, tumekaa kwenye benchi moja. Mseti alinitazama muda mrefu. Akasema, "Wegesa, umezeeka." Nikamwambia kwamba hata yeye hakuwa kijana wakati akilisalimu gunia. Tulicheka mpaka muuguzi akatukemea, kwamba kucheka kunavuta mshono.

Ulipoinuka siku ile kinyume na nilivyokuagiza, nilikasirika. Nilikasirika kutoka Musoma mpaka tulipofika Nyamuswa, ambako si njia yetu, ila Omari alikuwa na mzigo wa kushusha. Baada ya hapo sikukasirika tena. Nimeona heri nikwambie, maana huwezi kuyajua kwa kunitazama.

Namba ile imekatwa. Twalib aliipiga makusudi tarehe moja, akatusikilizisha wote mlio wake wa kufa. Mita yake imerudi dirishani, na watu sasa wanampigia saluti. Karatasi za majina zipo kanisani na msikitini. Mseti hupita kila asubuhi kuzisoma zote, hata za watu asiowajua, kwa sababu anaweza.

Sasa kuna jambo la mbuzi, nalo ni la aibu kidogo.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja zizini kuwaona. Wako sita, kama nilivyokuwa nikikwambia kwa barua na kwa simu. Ila yule mpole anayekuja mlangoni, niliyekuwa nikimpa maganda tangu kiangazi, si wangu. Ni wa Mseti. Ana pembe iliyovunjika na sikio lenye alama ya ukoo wao, mtu yeyote mwenye macho angeona. Nikapita uani kwa Mseti kumwambia, nikamkuta naye amesimama zizini kwake, amekunja mikono, anamtazama mbuzi wangu mweusi mwenye doa. Alikuwa akimlisha yeye, na mbuzi huyo amezaa hapo kwake.

Mseti alitaka tuwarudishe. Tulijaribu. Yule mpole alirudi mlangoni kwangu kabla ya jua kuzama, na wangu akarudi kwake na mtoto wake nyuma. Basi tumekubaliana kila mmoja abaki na aliyemlisha, na mtoto akikua atamfuata yule kuku, yaani atakuwa wako wewe, kwa sababu Mseti anasema bado hajamaliza kukushukuru.

Ijumaa saa nne asubuhi nitakupigia kutoka kwa Twalib, kwa namba ya kawaida. Uniulize habari za nyumbani. Kisha uniulize za mbuzi, mmoja mmoja. Mara ya kwanza nilikujibu kwa kumbukumbu. Safari hii nimewaona.

Shangazi yako,
Wegesa